Mfungo wa Mwalimu Placidi

Namswea,
16 Machi 2025

Mdogo wangu Ephrasia,

Utashangaa kupokea karatasi wakati simu yako unayo na yangu ninayo. Salio lipo na simu haijatumbukia shimoni. Ni kwamba mtu akishaandika ubaoni miaka thelathini na minne, mambo mengine huyaona vizuri akiyaandika. Barua nimempa kondakta wa basi la Lituhi, ameahidi kuifikisha hadi dukani kwako.

Hapa mvua bado zipo. Mahindi yanabeba, na wiki hii vijana wanafyeka majani ili tuanze kuchimba mashimo ya ngolo kwa ajili ya maharage. Mwanangu Stephano yuko na malori yake ya makaa ya mawe, hajarudi tangu mwisho wa Januari. Mkewe Kunigunda ndiye anayenitunza. Binti yao Ida amekataa kuniita Babu. Ananiita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo anavyosikia kila apitaye njiani akiniita.

Sasa kuna jambo naomba umwulize jirani yako Devotha, yule nesi. Linamhusu mtu mmoja wa hapa kijijini, jina silitaji. Mtu huyu alishikwa na mafua katikati ya Februari, mafua yale yaliyozunguka kanisa zima. Homa ilikwisha kwa siku nne, pua ikakauka, lakini kikohozi kikabaki. Sasa anaingia wiki ya tano. Ni kikavu, humjia asubuhi na kila anapozungumza kwa sauti. Damu hakuna, na chakula anakula.

Nimemweleza ninavyojua mimi. Mafua huchubua njia za hewa kama jembe linavyochubua gome la mbuni, na gome halirudi kwa siku moja. Ugonjwa wenyewe unaweza kuwa umeondoka, lakini njia bado ni mbichi, na baridi kidogo au moshi kidogo huiamsha. Lakini yeye ana wasiwasi, na mimi si daktari. Devotha aseme: afike wiki ya ngapi ndipo aogope?

Angeweza kwenda zahanati ya hapa, ila mganga na nesi wote wawili niliwafundisha darasa la tano, na mtu huyo anaona haya.

Msalimie shemeji Ignatio. Miaka inapita hatumwoni huku.

Ni mimi, kaka yako,
Placidi Kumburu


Lituhi,
20 Machi 2025

Kaka Placidi, shikamoo.

Barua imefika inanuka dagaa. Kondakta aliilaza juu ya magunia. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka mpaka mteja akaniuliza nimeokota nini.

Kaka, huyo mtu mmoja wako anahesabu wiki za kikohozi kama mwalimu anavyohesabu mahudhurio. Na kwa nini awaonee haya watu uliowafundisha wewe? Halafu Jumapili ile ya mwanzo wa mwezi nilikupigia, ukapokea, ukasema "Ephra", simu ikakatika. Nikapiga tena, kimya. Nikatukana mtandao. Leo nauomba radhi.

Nimemwuliza Devotha bila kutaja jina, naye akacheka kabla sijamaliza. Amesema mengi uliyoyaeleza ni ya kweli. Kikohozi cha baada ya mafua huweza kukaa wiki tatu hata nane, kikaondoka chenyewe. Lakini katika nchi hii yetu mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, kiwe kikavu, kiwe na makohozi, apimwe kifua kikuu. Asipimwe kwa kuwa anacho, apimwe ili ijulikane. Hawatozi kitu. Kisha akaongeza neno nami nalileta kama lilivyotoka kinywani mwake: "Mwambie kaka yako asiulize wiki ya ngapi aogope. Aulize analala na nani nyumba moja."

Kwa hiyo nauliza mimi. Nani mwingine anakohoa humo ndani? Ida ana miaka miwili tu.

Nenda, kaka. Kama Namswea unaona haya, shuka Mbinga mjini. Pale hawakujui.

Hawakujui sana.

Mdogo wako,
Ephrasia


Namswea,
26 Machi 2025

Ephrasia, marahaba.

Ni mimi. Sikuwahi kukudanganya tangu tulipokuwa wadogo, sijui kwa nini nilidhani uzee umenipa ufundi.

Nikueleze kwa utaratibu, maana aibu ikielezwa kwa utaratibu hubebeka.

Unajua sengu yetu. Sehemu nyingi za milima hii imekwisha, watu wanakula kila mtu mezani kwake, lakini mimi nimeishikilia tangu baba alipotuachia. Kila Jumapili baada ya Misa nyumba zote za ukoo huleta chakula uani kwangu, wanaume mkeka wao, wanawake mkeka wao, mikono katika bakuli moja, na mashauri ya wiki husemwa hapo. Mkubwa wa sengu ni mimi. Na sheria ya kikohozi niliiweka mimi. Kwa miaka nimewaambia: anayekohoa wiki tatu asitie mkono katika bakuli la watu wala asishike sufuria, mpaka apimwe. Niliwachorea mapafu ukutani kwa mkaa. Nikasema mwenye kuficha kikohozi anaiba pumzi za watoto wa wenzake. Ndiyo maneno yangu hasa, sijayapamba.

Ilipokaribia Jumatano ya Majivu nilikuwa natimiza wiki ya tatu. Kwa sheria yangu sikuweza kutia mkono bakulini. Kusema sababu pia sikuweza. Unajua watu wanavyosikia neno "kikohozi" kwa mjane wa miaka sabini na mmoja. Wataanza na kifua kikuu, wamalizie na gonjwa lingine, halafu waanze kunihesabia nilikopita. Nikasema mbele ya wote kwamba Kwaresma hii nitafunga: nitakula mara moja kwa siku, jioni, peke yangu chumbani. Nilidhani ni uongo wa siku arobaini tu, utakwisha na Alleluya.

Waliamini. Ephrasia, waliamini kuliko nilivyotaka. Katekista Bartholomayo alinitangaza kanisani: "Tumwige Mwalimu Placidi, mzee wa umri ule!" Sasa mzee Elias naye anafunga kwa kunifuata mimi, na ana miaka sabini na minane. Jumatano iliyopita alipepesuka kwenye ngolo, wakamwokoa asiingie shimoni. Nami nimeombwa kutoa mafundisho ya kufunga Jumapili ya tarehe sita. Nilikataa mara mbili. Wakasema huo ndio unyenyekevu wenyewe.

Unauliza nani mwingine anakohoa. Hakuna. Kunigunda hukohoa jikoni, lakini ni moshi. Kuni za msimu huu ni mbichi. Mgonjwa ni mimi.

Nitakwenda Mbinga baada ya Pasaka. Nikienda sasa na mtu akaniona kwenye benchi la wakohozi, habari itapanda mlima kabla yangu.

Kaka yako,
Placidi


Lituhi,
31 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Safari hii sikucheka.

Kwanza la Devotha. Kifua kikuu hakipiti kwenye bakuli wala kwenye sufuria. Kinapita hewani, mtu anapokohoa katika chumba kilichofungwa. Ile sheria yako ya bakuli haikumkinga mtu hata mmoja, kaka. Wewe unakula peke yako chumbani, halafu unatoka kuketi na Ida sebuleni madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Fungua madirisha leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

La pili niliapa kutoliandika.

Mwaka 2006 tulikuja kumzika mama. Ignatio alikuja nami. Baridi ya huko ilimpiga siku ya kwanza, akashikwa na mafua, akaanza kukohoa. Siku ya sengu ya matanga ulisimama mbele ya wanaume wote, ukasema, "Shemeji asogee kidogo, ataletewa chake." Wakamletea ugali kwenye sahani ya bati. Akala karibu na ghala, mkwe wa watu, katika msiba wa mama mkwe wake, kuku wakimzunguka. Siku tatu. Wewe ulikuwa unawaeleza watu habari za mapafu, hukugeuka kumtazama. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, namwona.

Tuliporudi alipimwa. Hakuwa na kitu.

Tangu siku hiyo ukiniuliza kwa nini Ignatio haji, nakwambia yuko kwenye nyavu. Nyavu gani hizo zinakaa majini miaka kumi na tisa?

Siandiki ili ulie. Yeye alikohoa siku tatu, hata wiki zako tatu hukuzingoja, ukamweka na kuku. Wewe unakohoa wiki ya saba, unasifiwa kanisani. Usisubiri Pasaka.

Ephrasia

(Katika bahasha hiyo hiyo, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne:)

Shemeji Placidi, shikamoo.

Mke wangu ameacha barua mezani, amekwenda kutafuta gundi. Nimeisoma. Ni kosa, lakini ni kosa la ndani ya ndoa. Natia na yangu kabla hajarudi.

Mimi si mwandishi kama ninyi. Ile sahani naikumbuka. Nilikasirika, sikatai. Hasira iliisha mapema, labda mwaka mmoja. Kilichobaki ni aibu. Sikuacha kuja kwa sababu yako, niliacha kwa sababu ya wale waliokuwa wananitazama. Mtu akishaonwa hivyo, wengine husahau keshoye, yeye ndiye anabaki anakumbuka kwa niaba yao. Ndiyo maana nakwambia sema mapema. Ukikaa nayo itakuzoea.

Sasa nikutanie, maana wewe ni shemeji na huna pa kunishtaki. Mimi nilikula peke yangu siku tatu kwa amri yako. Wewe umekula peke yako karibu mwezi mzima, kwa amri yako hiyo hiyo. Kati yetu nani alikwenda chuo cha ualimu?

Anakuja.

Ignatio


Namswea,
11 Aprili 2025

Ephrasia, marahaba.

Barua yako nilikaa nayo siku nne bila kujua pa kuiweka. Niliiweka kwenye Biblia, nikaitoa, maana Biblia Kunigunda huifungua. Kumbukumbu ya msiba ule ninayo, lakini katika kumbukumbu yangu Ignatio hayumo. Yumo mwalimu anayeeleza vizuri, na watu wanaosikiliza. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa Ignatio nitaandika barua ya peke yake. Maneno bado sijayapata, na yake yamenizidi.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Jumapili tarehe sita nilisimama kanisani na kipande cha tangawizi shavuni. Niliwaeleza maana ya kufunga: kwamba tumbo ni mlango tu, anayefungwa ni mwenye nyumba. Nilisema vizuri, nakiri. Kisha nikafika penye maneno "mwenye kufunga asijionyeshe mbele ya watu", na hapo kifua kikapanda. Nilibana. Kikapanda tena. Nikafunika uso kwa leso, nikainama, mabega yakatikisika, machozi yakanitoka, sauti ikakataa. Nilipoinua uso, akina mama safu ya mbele walikuwa wanalia. Bartholomayo akaja akanishika mkono, akasema kwenye kipaza sauti, "Mwalimu ameguswa."

Nikashuka altareni. Sikuwasahihisha. Watu walinipisha njia kama ninavyoona wakimpisha askofu.

Jumanne niliondoka kwenda Mbinga. Niliaga kwamba nakwenda kuungama kwa padre wa mjini. Wakazidi kunisifu.

Hospitali nilivuta kofia hadi kwenye nyusi. Benchi lenyewe liko nje, penye upepo, na nilikaa katikati ya dereva wa bodaboda na mama mwenye kikapu cha parachichi. Hakuna aliyenitazama. Binti mmoja wa maabara akaniuliza, "Babu, umeanza lini?" Nikasema wiki mbili. Akaandika. Nikaona anaandika uongo wangu kwa wino wa serikali, nikasema, "Samahani binti, nane." Hakunishangaa. Alifuta, akaandika nane, akanipa kikopo.

Jana wamenipigia. Sina kifua kikuu. Daktari alikwisha kunisikiliza kifua siku ile, na jana ameniambia kwa simu maneno yale yale niliyokwambia mimi katika barua ya kwanza: mafua yameondoka, njia bado mbichi, itapona. Nilikaa kitandani nikashukuru kwa sauti.

Basi, Ephrasia, naona jambo hili limekwisha. Nimelifikiria kwa makini. Kama ugonjwa haukuwepo, nilichoficha hakikuwepo. Kuwaambia watu sasa ni kuwavunja moyo bure wiki ya Pasaka. Elias ameahidi kula vizuri kuanzia sikukuu. Mambo yatarudi yenyewe mahali pake. Barua zangu zichome.

Kaka yako,
Placidi


Lituhi,
14 Aprili 2025

Kaka, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa majibu. Ignatio alipiga makofi dukani, wateja wakadhani timu yake imefunga.

Barua sizichomi.

Umeondoka na majibu yako kama mwanafunzi aliyefaulu akasahau darasa. Tarehe ishirini Machi nilikuuliza swali moja, nani mwingine anakohoa. Ukanijibu: moshi. Nilimsomea Devotha jibu hilo. Akaniuliza nami nakuuliza: jiko likizimwa, Kunigunda anakohoa?

Na lingine. Umewafundisha watu wako wote kwamba mwenye kikohozi hujificha, na akijificha vizuri hupigiwa makofi. Hilo nalo litarudi lenyewe mahali pake?

Sema kwenye sengu ya Pasaka. Usieleze sana. Sema.

Ephrasia


Namswea,
29 Aprili 2025

Mdogo wangu Ephrasia, marahaba, na salamu kwa Ignatio na Devotha.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na jibu la swali lako. Jibu ninalo.

Siku ya Pasaka sengu ilijaa. Kuku watatu, wali, maharage mapya ya bondeni. Nikasema, "Kabla ya kunawa nina neno."

Mzee Elias akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hotuba hiyo. Wali utapoa."

Nikasema, "Sikufunga."

"Hukufunga nini, Mwalimu?"

"Kwaresma. Nilikuwa nakohoa tangu Februari. Niliogopa ni kifua kikuu, nikaona haya kusema, nikajificha chumbani nikaita mfungo. Nimepimwa, sina. Lakini niliwadanganya."

Kisha Elias akaweka fimbo yake chini polepole. "Placidi," akasema, na hajawahi kuniita hivyo tangu nipate cheti, "yaani mimi nimeshinda njaa siku arobaini, nikataka kufia kwenye ngolo, kwa ajili ya kikohozi chako?"

Binamu yetu Nicholaus alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akalala mkekani. Wote wakacheka, wanawake kwa wanaume. Bartholomayo peke yake hakucheka.

"Na yale machozi ya kanisani?" akauliza.

"Kikohozi."

"Mwalimu, watu wanne walikwenda kuungama kwa sababu ya machozi yale! Mmoja alirudisha mbuzi!"

"Basi mbuzi abaki alikorudi," Elias akasema. "Hilo usiliguse."

Nikangoja watulie. Nikasema sheria yangu ya bakuli ilikuwa ya makosa, ugonjwa ule unapita hewani, na kwa sheria hiyo nilimwaibisha shemeji yetu Ignatio katika msiba wa mama, mbele ya wengi waliokuwa wameketi pale. Nilitaja jina lake na kosa langu. Hapo hawakucheka. Nikauliza kama darasani, nani anakohoa zaidi ya wiki mbili, anyooshe mkono. Nicholaus akanyoosha, na kijana wa kwa Elias. Kwenye mkeka wa wanawake, hakuna.

Tukala. Nilitia mkono bakulini. Sitakuficha, nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni.

Watu walipokwisha kutawanyika Kunigunda alikuja na sufuria mkononi, akasimama mbali kidogo, upande unakoelekea upepo. Sikuelewa wakati ule kwa nini alichagua upande huo.

Akasema, "Baba, mimi nilidhani umejua."

"Nimejua nini, mama?"

"Kwamba nakohoa. Tangu Januari, baba. Moshi nilikuwa nasingizia. Ulipoacha kula na watu siku ya Majivu, nikasema mzee amejua, amekinai chakula cha mkono wangu. Nikasema ana heshima. Hakutaka kunitoa jikoni mbele ya watu, ameona bora ajitoe yeye."

Akaendelea, "Kila jioni nilipokuwekea sahani mlangoni nilikuwa natoka mbio, nikakohoe nyuma ya choo, usinisikie."

"Nami," nikamwambia, "nilikuwa ndani nimebana pumzi, nasubiri uondoke ili nikohoe."

Tulitazamana. Mimi nilianza kucheka, Ephrasia, Mungu anisamehe, nikaona yeye analia, nikaacha.

Nikamwuliza ulilouliza wewe. Jiko likizimwa? Akasema hasa likizimwa. Usiku hutoka jasho mpaka anabadilisha kitenge. Sketi anazikaza kwa pini tatu. Ananipikia mbele ya macho yangu, kila siku, na mimi niliyechora mapafu ukutani nilikuwa nasikiliza kifua changu.

Jumanne nilikwenda naye zahanati ya hapa hapa, mchana, kwa njia kubwa. Mganga aliniamkia, akauliza nani mgonjwa. Walipeleka makohozi Mbinga, Alhamisi yakarudi. Anacho. Ijumaa alianza dawa. Ida amechunguzwa, hana dalili, atapewa dawa za kinga. Nicholaus na yule kijana hawana kitu. Walitaka mtu wa nyumbani wa kumsimamia Kunigunda anywe dawa kila siku kwa miezi sita, nikaandikwa mimi. Kila asubuhi tunakaa uani, madirisha yote wazi nyuma yetu, anameza, natia alama. Jana aliniambia, "Baba, usinikodolee macho hivyo, zitanikwama." Siku hiyo niligeukia migomba mpaka alipomaliza.

Lakini hofu yake haijaisha, na ndiyo maana naandika. Stephano hajui. Kunigunda anasema mwanamke wa jirani ya kwao alipougua hivi mumewe alimrudisha kwa wazazi wake akiwa na vidonge mkononi, akabaki huko huko. Hathubutu kumpigia. Ameniomba nimwambie mimi. Nami kwa simu sijiamini, nitaeleza mno. Barua yake nimeiandika mara nne, kila mara ndefu kuliko ya kwanza, na kila nilipoisoma nilimkuta mwalimu anajitetea. Usiku nimeichana yote. Hii ya leo nitampa dereva mwenzake anayepita hapa kesho alfajiri. Nimekunakilia uone. Kama nimekosea utaniambia, lakini itakuwa imekwisha kwenda.

Kaka yako,
Placidi


Namswea,
29 Aprili 2025

Stephano mwanangu,

Mke wako ana kifua kikuu. Alipimwa tarehe 22, ameanza dawa tarehe 25, atazimeza miezi sita na atapona. Ida hana, anapata dawa za kinga. Wewe upimwe huko huko uliko kabla hujapanda gari kuja, hawatozi kitu.

Kunigunda alianza kukohoa Januari, ndani ya nyumba yangu, akinipikia mimi. Nilimsikia. Sikumwuliza. Alificha kwa sababu ya mambo niliyofundisha na kwa sababu ya mambo niliyotenda, na atakusimulia mwenyewe akitaka.

Haendi kwao. Ukikasirika, kasirika kwangu, njoo uniambie mbele ya sengu. Yeye mpigie leo. Anzia kumwuliza ameamkaje.

Utauliza ilikuwaje mimi, katika watu wote, nisione.

Sina maelezo.

Baba yako,
Placidi Kumburu